Je, Rehema Hukingwa?

Mama yangu alikuja Utrecht mwezi wa kumi mwaka juzi, akakaa nasi miezi mitatu. Aliuliza maswali mengi, na mengi niliyajibu papo hapo: kwa nini jua huku linazama saa kumi na nusu, kwa nini samaki wa dukani hana kichwa, kwa nini jirani hapiti kusalimia mpaka siku iwe imeandikwa kwenye kalenda. Swali moja sikulijibu. Ilikuwa asubuhi, rasharasha inanyesha, naye kasimama mlangoni kajitanda kanga juu ya koti langu la zamani. Alikuwa ananitazama nikivuta zipu ya kifuniko cha mvua juu ya wajukuu zake wawili, waliokaa ndani ya sanduku la baiskeli. Nyuso zao zilionekana nyuma ya nailoni kama picha ndani ya fremu. Akaniuliza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaulizia wasichana chuoni maana ya aya:

"Mwanangu, rehema hukingwa?"

Saa mbili kasoro kumi. Nikamwambia, "Mama, tutachelewa," nikapanda, nikaondoka.

Hakuwa anabeza. Mama amesomesha chuo cha wasichana pale Ngamiani, Tanga, zaidi ya miaka thelathini, na kwetu mvua haiitwi mvua tu. Ikianza kupiga bati, mtu mzima husema Mungu ametushushia rehema, na hata mwenye nguo kambani huanza kwa kushukuru ndipo akakimbilia nguo. Ndiyo maana swali lile lilinifuata njia nzima mpaka shuleni. Kama kinachoshuka ni rehema, ninawafungia watoto wangu nini nje, na kwa ruhusa ya nani?

Nikieleze kwanza chombo chenyewe, kwa ambaye hajakiona. Waholanzi wanakiita bakfiets, yaani baiskeli yenye sanduku. Zamani kilikuwa cha waoka mikate na wauza maziwa: magurudumu matatu, mzigo mbele, mtu nyuma. Kuanzia miaka ya 2000 kikaja cha magurudumu mawili, kirefu, chenye sanduku la mbao au plastiki kati ya usukani na gurudumu la mbele, na wazazi wakakichukua kikawa chao. Changu kina mota na betri. Sheria ya Ulaya inaruhusu mota ya wati 250 inayosaidia mguu mpaka kilomita 25 kwa saa, zaidi ya hapo inaacha, unabaki na miguu yako. Bila watoto kina kilo zaidi ya 50. Nilikinunua kwa mkono wa pili, kwa malipo ya miezi kumi, kwa familia ambayo watoto wao walikuwa wamekua.

Kifuniko nilikinunua kipya, euro mia mbili na kitu, na mume wangu alinitazama sana siku ile. Kina fito tatu nyembamba za nyuzi za kioo zinazopinda kama mbavu za mtumbwi. Juu yake unavuta kitambaa cha poliesta kilichopakwa kinga ya maji, na pande zote kuna madirisha ya nailoni angavu. Chini kinabanwa kwa vifungo vya chuma kwenye ukingo wa sanduku. Upande wa kulia kuna zipu ndefu ya kuingilia, na nyuma, karibu na usukani wangu, kuna kidirisha cha hewa chenye kifuniko chake kidogo. Nailoni hii ina tabia zake. Baridi ikikaza inakuwa ngumu, na ukiikunja kwa nguvu inapasuka. Ukiisugua kwa brashi inapata mikwaruzo mpaka watoto wanaona dunia kama kupitia chupa ya zamani. Ukiikunja mbichi, kesho unakuta madoadoa ya kuvu na harufu ya duka la mitumba. Kwa hiyo kila jioni ya mvua nakitandaza kwenye korido, kinachuruzika, nasi tunapita ubavuni mwake kama tunapita mgonjwa aliyelala.

Ndani kunatoka ukungu. Pumzi za watoto wawili zinatosha kufunika madirisha yote kabla hatujafika kona ya pili. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka mitano, huchora kwa kidole meli, na tena meli, na mara moja alimchora bibi yake. Mdogo wake wa kike huilamba michoro. Nilimkanya, kisha nikaacha. Ni pumzi yake mwenyewe.

Msomaji wa nyumbani atadhani Uholanzi ni nchi ya mvua kuliko kwetu. Si kweli. Huku kwa mwaka hunyesha kama milimita 850, wakati Tanga hupata zaidi ya 1,200. Tofauti ni namna ya kunyesha. Mvua ya kwetu wakati wa masika humwagika kana kwamba mtu amepindua pipa, halafu hukatika, jua likatoka, barabara ikafuka moshi. Ya huku hunyesha kwa kukopesha, kidogo leo, kidogo baada ya saa moja, kidogo usiku, wiki nzima. Watu hufungua simu zao kutazama Buienradar, ambayo inawaonyesha mawingu ya saa mbili zijazo, na utamsikia mtu mzima anasema, "Nina dakika kumi na mbili." Dakika hizo kumi na mbili ndizo nafasi yao ya kufika wanakokwenda.

Baba yangu hakuhesabu dakika. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo kila Mtanzania anajua, na baba alikuwa na Phoenix nyeusi. Mimi nilikaa kwenye bomba la mbele juu ya kitambaa alichokikunja, kaka yangu kwenye keria. Mvua ikitukuta njiani baba alishuka, akaiegemeza baiskeli ukutani, akatupandisha kwenye baraza ya duka lolote lililo karibu. Hakuomba ruhusa na mwenye duka hakuuliza. Tulisimama pamoja na wengine walioletwa na mvua, muuza mihogo, mwanafunzi, mzee na mbuzi wake, mpaka watu wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Baada ya muda baba alikuwa akitoa kiganja nje ya kipaa, kimeelekea juu, kupima kama imekwisha. Kama tone lilimpiga alikirudisha, akatufutia kile kiganja kibichi usoni, akacheka. Nikiulizwa rehema ina ubaridi gani, nitasema ule.

Nikamweleza mama jioni ya siku ya swali: baba naye alitukinga. Mama akanijibu, "Baba yenu aliisubiri. Wewe unaipita." Hapo alikuwa na haki nusu. Mvua ya huku haisubiriki, na kengele ya shule haisubiri. Kifuniko changu ni baraza niliyoiwekea magurudumu. Lakini nusu ya pili ilibaki inanichoma, kwa sababu kwenye baraza ile tulikuwa wengi, na chini ya kifuniko hiki wako wawili tu, na mimi mwenyewe niko nje.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kiholanzi aliyekuwa muuguzi, alilitazama jambo hili kwa upande mwingine kabisa. Waholanzi wana msemo wao: hukuumbwa kwa sukari. Wanamwambia mtu anayesitasita kutoka mvuani, kwa maana kwamba hatayeyuka. Bibi yule alimwambia mwanangu hivyo kwa upendo huku akimfunga kofia, na mtoto alikaa kimya mpaka usiku, ndipo akaniuliza kitandani, "Mama, mimi ni wa sukari?" Nikamwambia hapana. Akauliza, "Sasa kwa nini unanifunika?"

Wazo hili la kumwacha mtoto aloe ili awe imara lina wazee wake, na mmoja wao alipita mji huuhuu. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alikimbilia Uholanzi mwaka 1683 akakaa uhamishoni mpaka 1689, na kwa muda aliishi Utrecht. Akiwa huku alimwandikia rafiki yake barua za ushauri juu ya kumlea mwanawe, na barua hizo ndizo zilizozaa kitabu chake cha malezi cha mwaka 1693. Humo alishauri miguu ya mtoto ioshwe kila siku kwa maji baridi, na viatu vyake viwe vyembamba kiasi cha kuingiza maji. Locke alikuwa pia tabibu, hakusema ovyo, na alikuwa akipigana na desturi ya matajiri ya kuwadekeza watoto mpaka wakawa dhaifu. Hata hivyo nikimsoma nasikia sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuwa na mtoto wa kwake. Kwake mvua ni mazoezi, baridi ni mwalimu, mwili wa mtoto ni chuma kinachosubiri kupigwa. Mama yangu naye anataka mtoto aguswe na mvua, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Yeye hataki mtoto awe mgumu. Anataka asiwe mgeni kwa Mola wake. Watu wawili wanaweza kukwambia ufungue zipu ileile, na kila mmoja akawa anakuombea kitu tofauti.

Mama alirudi Tanga Januari. Wiki iliyofuata ndipo likatokea jambo ambalo bado linanifanya nisimamishe baiskeli njiani bila sababu.

Kati ya kwetu, Leidsche Rijn, na mji wa zamani kuna mfereji mpana unaopitisha meli za mizigo kati ya Amsterdam na mto Rhine. Tunauvuka kwa daraja la baiskeli lililofunguliwa mwaka 2017 na kupewa jina la mkimbiaji Dafne Schippers. Ni daraja zuri, na upande wa mji njia yake inazunguka na kupita juu ya paa la shule, watoto wanasoma chini, sisi tunapita juu. Ila pale katikati upepo wa kusini-magharibi hauna kizuizi. Siku hiyo mvua ilikuwa imechanganyika na theluji. Nilikuwa nimefunga kila kitu, zipu mpaka chini, vifungo vyote, na kile kidirisha cha nyuma nimekibana. Nilijiona mama mwenye bidii. Upepo ulikipiga kifuniko papapapa, mota inalia, kofia yangu ya koti inapiga masikio. Kwenye mteremko niliinamisha kichwa nikamwona mwanangu kupitia ukungu, mdomo wazi. Nikadhani anaimba. Mteremko ule huwa wanaimba.

Hakuwa anaimba. Alikuwa anapiga kelele, "Mama, simama." Kidole cha dada yake kilikuwa kimebanwa kati ya ufito na ukingo wa sanduku, na kila upepo ulipokisukuma kifuniko, ufito ulizidi kuminya. Alianza kuniita tulipokuwa tunapanda daraja. Nilisimama kwenye taa, upande wa pili. Nilipovuta zipu, sauti zao zilinitokea zote kwa mkupuo mmoja, kama mlango wa darasa unapofunguliwa. Kidole kilipona, ukucha ukawa mweusi kisha ukaanguka, ukaota mwingine. Lakini nilimwona mwanangu ananiita, nikamtabasamia.

Usiku ule sikuweza kulala, nikashika tasbihi. Katika majina ya Mwenyezi Mungu tunayoyataja tangu utotoni kuna al-Hafidh, Mwenye kulinda, na kuna as-Samii, Mwenye kusikia. Nimeyasoma kwa mfululizo miaka yote bila kuyaunganisha. Mimi ulinzi nilikuwa nauelewa kama ukuta: ukiwa mzito zaidi, umelinda zaidi. Mchana ule nilikuwa nimewawekea wanangu ukuta kamili, na ukamilifu wake ndio ulionifanya kiziwi. Nikaona kwamba siwezi kumwamini Mlinzi ambaye ulinzi wake unamzuia kunisikia, na kwamba sina haki ya kuwapa watoto wangu mlinzi wa namna hiyo.

Tangu siku hiyo kidirisha cha nyuma sikifungi, hata ikinyesha ya mawe. Maji yanaingia, yanamlowesha mdogo bega la kushoto, namvalisha koti la mvua humohumo ndani. Na kwa ndani ya sanduku nimefunga kengele ya baiskeli, ya kwao. Wanaipiga wakiona bata. Wanaipiga wakiona mbwa. Nasimama kila mara, na mara nyingi ni bata.

Sasa nirudi kwenye swali. Jibu lilikuja Aprili, kwa simu, na sikulitafuta. Masika ilikuwa imeingia Tanga. Mama alipiga baada ya adhuhuri, nikasikia bati linavuma nyuma yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huku inanyesha tangu alfajiri, alhamdulillahi. Nimekinga mapipa mawili na ndoo zote. Kwenu je?"

"Huku nako inanyesha. Nimewakinga watoto, tumefika salama."

Kukawa kimya. Bati tu. Halafu mama akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeona kitu.

"Basi sote tumekinga," akasema.

Nilikaa na neno hilo mpaka jioni pale kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikigawa dawa na chai. Nimelisema maelfu ya mara bila kulisikia. Unajikinga mvua, maana yake unaizuia isikupate. Unakinga mvua, maana yake unaitegea chombo chini ya mlizamu isikupotee. Chanjo ni kinga. Na mtu akipewa karanga huambiwa kinga mikono. Na tukiomba dua tunakinga mikono. Lugha yetu haikuona haja ya maneno mawili. Niliposimama dirishani nikajaribu kwa mkono wangu mwenyewe, mzee mmoja ananitazama: kiganja kikielekea nje nimezuia, nikakigeuza kikaelekea juu nimepokea. Mkono ni mmoja, umetoka mwilini na kukaa kati yangu na kinachokuja. Nikamkumbuka baba kwenye baraza. Yeye alifanya yote mawili kwa pamoja: sisi ndani ya kipaa, kiganja chake nje.

Jioni nikampigia tena mama, nikamwambia swali lake nimelijibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lugha peke yake haitoshi dalili. Umemsahau Anas?"

Nilikuwa nimemsahau. Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) tangu utotoni, ndiye aliyesimulia kwamba siku moja walinyeshewa, na Mtume akafunua sehemu ya nguo yake mpaka mvua ikamgusa mwilini. Walipomuuliza sababu, akawaeleza kwamba mvua hiyo ndiyo kwanza imetoka kwa Mola wake. Hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa nyuma ya swali la mama kule mlangoni, nami niliijua, na ndiyo iliyokuwa ikinipa hatia kila nilipovuta zipu.

Lakini Anas huyohuyo, mama akanikumbusha, alisimulia na nyingine. Ulikuwa ukame. Ijumaa moja Mtume yuko juu ya mimbari, mtu akaingia akalalamika kwamba mifugo inakufa. Mtume akainua mikono akaomba. Mbinguni hakukuwa na hata kipande cha wingu. Ndipo kikatokea kiwingu nyuma ya mlima wa Sal', mfano wa ngao, kikatanda, na watu hawakuliona jua kwa muda wa wiki. Ijumaa iliyofuata mtu akaingia tena kulalamika, safari hii kwamba mali zinaangamia na njia zimekatika, akaomba mvua izuiwe. Mtume akainua mikono mara ya pili. Hakuomba rehema iondolewe duniani. Aliomba ielekee pembezoni mwao na si juu yao, kwenye vilima na mabonde na mahali penye mizizi ya miti. Watu wakatoka msikitini wakitembea juani.

"Unaona?" mama akasema. "Mikono ileile."

Naona. Na naona pia ile ngao. Wingu lililoleta rehema lilifananishwa na kitu ambacho watu hujikingia. Mama hakulitaja hilo, na mimi si mwanachuoni wa kulijengea hoja, ila sijaacha kulifikiria. Kwa hiyo ninapovuta zipu sasa, ile dua ya pili naiona kuwa ndiyo kipimo changu. Naomba iwe pembezoni mwetu. Inyeshe kwenye mitaro na malisho ya ng'ombe wa watu wa huku, ijaze mfereji, mizizi inywe, na watoto wafike shuleni na soksi kavu. Kumkinga mtoto dhidi ya mvua si kumkataa aliyeileta, mradi usisahau kuikinga pia kwa upande wa pili, kiganja juu.

Hilo "mradi" si dogo. Nawaona watoto wa huku wanaosafirishwa chini ya kifuniko kutoka mlango hadi mlango, na wa kwetu pia siku hizi, waliofungiwa ndani ya magari yenye vioo vyeusi, ambao mvua kwao ni sauti tu ya juu. Na nawaona walio na upande wa pili tu wa kiganja, wasio na hiari. Mdogo wangu kule Tanga humpeleka mwanawe kliniki kwa bodaboda, mtoto katikati ya migongo miwili chini ya kanga na kipande cha nailoni ya kufungia godoro. Hapahapa Utrecht, mtaa wa Kanaleneiland, nina rafiki ambaye hana bakfiets wala hana euro mia mbili za kifuniko, anatembea na watoto watatu na mwavuli mmoja. Yeye akisema mvua ni rehema, neno hilo lina uzito ambao langu halina. Siku za mvua nampitia mtoto wake mdogo, sanduku langu lina mikanda mitatu. Wanakaa wamebanana, na ukungu unatoka mara mbili zaidi.

Wala sidanganyiki kwamba kifuniko kinakinga kila kitu. Tarehe 20 Septemba 2018, katika mji wa Oss, kigari cha umeme kilichokuwa kinawapeleka watoto kiligongwa na treni kwenye kivuko cha reli, na watoto wanne wakafa. Nchi nzima ililia. Sina hoja ya kuleta mbele ya jambo kama hilo, na anayeniletea nitamwomba anyamaze. Najua tu kwamba mtoto ni amana, kwamba mwenye amana atamdai aliyeshika, na kwamba ninayeshika nina mikono miwili na breki mbili. Nazikagua kila asubuhi.

Kuna kitu kimoja kilichobaki, na hiki nimeonyeshwa na binti yangu. Kitambaa cha juu cha kifuniko changu kimelegea kwa uzee, na kati ya ufito wa pili na wa tatu pamefanya bonde. Ikinyesha kwa muda, maji yanatuama pale, kama kikombe, kisha kama bakuli. Kwa ndani bonde lile linashuka mpaka karibu na kichwa chake. Yeye hulitazama. Nuru ikipita humo maji yanaonekana yanatikisika, na jani likidondoka anaona kivuli chake kinaogelea. Mwanzoni alikuwa akilisukuma kwa ngumi, maji yakanimwagikia miguuni, akashangilia. Niliwaza kununua kitambaa kipya. Sasa siwazi. Kifuniko kinachomkinga mvua ndicho kinachomkingia, na yeye hahitaji neno lolote kulielewa hilo.

Alhamisi iliyopita tulifika nyumbani na bakuli limejaa. Nilimwambia asilisukume. Kaka yake alikwenda jikoni akaleta beseni la kuoshea mchele, akalishika kwa mikono miwili chini ya ukingo wa kushoto, mimi nikainua ufito polepole kutoka upande wa kulia. Maji yalishuka yote isipokuwa kidogo yaliyompata kifuani, akanyamaza kwa ubaridi, hakuliachia beseni. Tuliyapeleka kwenye mchaichai tuliouotesha kwenye ndoo dirishani, ule aliotuletea bibi yao. Binti akataka kupima kwanza. Akachota kwa kikombe chake cha plastiki, akahesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, na cha tatu hakikufika nusu. Akachukua simu kumpigia bibi amwambie.